Fimbo ya Kuvukia Wadi

Enzi zake, Mahfoudh bin Nasor akipiga mpira wa gofu, ndege zinazotua Maskati zilikuwa zinazunguka mara ya pili ili zimpishe. Waulize watu wa Mawaleh, mtaani kwake, watakwambia kweli, na asiyekwambia kweli ni mtu wa kuhamia. Siku moja aliupiga mpira ukaangukia ndani ya gari la mayai linalokwenda Suhar. Mpira ukauzwa dukani pamoja na mayai mengine, na bibi aliyeununua aliuchemsha mpaka maji yakakauka, akaongeza maji, yakakauka tena, akasema kuku wa siku hizi wana roho ngumu.

Lakini huyo ni Mahfoudh wa zamani. Mahfoudh wa mwaka huu ana miaka sitini na tisa, na bega lake la kulia limeshonwa baada ya kuteleza hamamuni. Asubuhi ya Jumatatu, mkewe Bi Mastura alimkuta katikati ya majlis, sebule ya wageni, amezitandika fimbo zake zote juu ya busati, kwa urefu, kama nguru kwenye meza ya mnada.

"Unazihesabu au unazisomea dua?" aliuliza Bi Mastura.

Hakujibu. Hapo ndipo Bi Mastura alipojua kwamba mambo yameharibika, kwa sababu mume wake hajapata kupewa neno moja bila ya kurudisha matatu.

Yeye Mahfoudh ni Muunguja, mkewe Mpemba wa Wete, na kwa miaka arubaini na nne ya ndoa walikuwa wakibishana. Walibishana juu ya namna ya kukata kitunguu, juu ya njia ya mkato ya kwendea Sib, juu ya nani aliyemwona mwenziwe kwanza kwenye ile harusi ya Matrah. Nyumba nyengine zina kiyoyozi. Ya kwao ilikuwa na ubishi, na ubishi ukizimika wote wawili walitoka jasho.

Alikuja Oman kijana wa miaka kumi na minane, na sanduku moja na suruali mbili. Akajifunza umeme, akaufanyia kazi miaka thelathini na nne, na hakuna nguzo ya taa baina ya Mawaleh na Sib ambayo hakupata kuipandia au kuitukana. Gofu aliianza hukohuko kazini, wakati majani yalikuwa hayajajulikana na watu wakicheza juu ya mchanga mtupu. Alipostaafu, wenziwe walianza kulima tende na kuugua. Yeye alibakia na fimbo zake na Ijumaa zake.

Bi Mastura alikaa kwenye mto, akazitazama hizo fimbo. Hakwenda skuli hata siku moja, lakini jicho lake la kutafuta kilichopungua lilikuwa kali. Watoto sita, tangu Shahad wa kwanza mpaka wa mwisho, walilelewa chini ya jicho hilo na hakuna aliyeweza kuiba andazi.

"Pana pengo hapa," alisema, akaweka kidole kwenye busati.

Na kweli. Kushoto zilikuwapo zile ndefu zenye kichwa kikubwa kama kiazi kitamu. Hizo wachezaji huziita za mti hata leo, ingawa mti wenyewe umeondoka zamani na kichwa ni bati tupu. Ndizo za kwenda mbali. Kulia zilikuwapo za chuma, zenye kichwa chembamba. Ndizo za karibu na za kulenga. Kati yao palikuwa peupe, kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. Chuma namba tatu na namba nne zilikuwa zimeegemezwa pembeni, zimegeuzwa uso kuelekea ukutani.

"Hizo mbili zimekosa nini?"

"Hazipandi tena," alisema Mahfoudh. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. "Tangu bega. Nikizipiga, mpira unatambaa chini kama panya aliyesikia paka."

Basi hesabu yake ilikuwa hivi. Ile fupi kuliko zote katika za mti ilikuwa inampeleka hatua mia mbili. Chuma kirefu kilichobaki kilikuwa kinampeleka mia na khamsini, tena siku ya afya njema. Na shimo la saba lilikuwa linataka mia na sabini na tano, si zaidi si kasoro. Mbele ya shimo hilo pana wadi, yaani mto mkavu, mpana, wenye mawe makubwa kama ngamia waliolala. Nyuma yake pana ukuta, na nje ya ukuta mpira umekwenda na maji. Ukipiga kidogo, umo wadini. Ukipiga sana, umevuka ukuta. Wadi ile imemeza mipira mingi sana. Mvua ikinyesha huisomba yote mpaka baharini, na wavuvi wa Qantab hawashangai wakipasua changu wakakuta mpira ndani, umeandikwa jina la mtu.

Sasa iko sheria. Mahfoudh hucheza na rafiki zake wawili: Ishaq, aliyekuwa afisa wa forodha, na Khalil, aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Walipohama kutoka mchangani kuja kwenye majani, miaka kumi na minne nyuma, walikuwa wanne. Wa nne alikuwa Marwan, mtu mwema, lakini mzito. Kabla hajapiga alikuwa anaungoja upepo mpaka upepo uone haya. Mahfoudh akachoka, akatunga sheria: mwenye kuutia mpira wadini kwenye shimo la saba Ijumaa tatu mfululizo, anahamia kundi la Jumanne. Kundi la Jumanne ndilo la wale wanaopanda vigari, wakisimama kila shimo kuulizana sukari yako ngapi leo. Marwan alitia mara tatu, akaondoka na tabasamu ambalo halikuwa tabasamu. Alikuwa na fimbo yake ya mti namba saba, fupi, nene kichwani, ya mpira wa juu na wa pole. Mahfoudh aliibandika jina mbele ya watu wote: mwiko wa pilau. Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Ijumaa mbili mfululizo sasa Mahfoudh alikuwa ameutia mpira wadini. Mara ya pili Ishaq alimshika bega lile zima, akamwambia, "Yakhe, hiyo sheria tuiwache. Tushazeeka sote." Na hilo ndilo lililomuuma kuliko wadi.

"Usinihurumie, Ishaq," alimjibu. "Sijakuomba sadaka."

Sasa alikuwa amekaa juu ya busati, anazikusanya fimbo moja moja.

"Ijumaa hii nikitia tena," alimwambia mkewe, "naliweka begi. Jumanne siendi. Naliweka stoo, yameisha."

Bi Mastura alisema "Haya," akaenda jikoni, akashika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Maana alishaiona nyumba yake Mahfoudh asipokwenda gofu. Miezi minne ya kufungwa bega aliiona. Mwezi wa kwanza Mahfoudh alikuwa anamfuata jikoni kumfundisha kukaanga, mpaka akafikiria kumtia chunguni pamoja na bamia. Mwezi wa pili akaacha kumfundisha. Mwezi wa tatu alimuuliza, kwa adabu, kama anaweza kufungua dirisha. Mwanamume anaomba ruhusa ya kufungua dirisha la nyumba aliyoijenga mwenyewe! Siku ile Bi Mastura alilia nyuma ya mlango wa stoo, kidogo tu, kisha akarudi kwenye samaki wake.

Jumanne alivaa abaya lake la kutokea, akaingia garini kabla ya mumewe.

"Wapi weye?"

"Dukani kwenye fimbo. Umeniambia pana pengo, nnakwenda kulitazama."

"Sijakuambia. Umeliona mwenyewe."

"Basi nnakwenda kwa haki yangu."

Duka lenyewe lilikuwa upande wa Sib, ndani ya uwanja wa kujipigia mipira, na aliyekuwa akiwapimia watu fimbo ni Mkenya wa Limuru, Nyokabi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye mikono imara. Mama yake alichuma chai, na karibu na ile chai palikuwa na kiwanja cha gofu. Kazi aliianzia huko kwa kubeba mabegi ya watu.

"Karibu Mzee. Mama, karibu, keti hapa. Haya, shida iko wapi?"

"Hapa katikati," alisema Mahfoudh, kama anayemwonesha daktari tumbo.

"Hilo pengo kila mtu analo akishapita sitini. Ziko dawa tatu." Akazilaza fimbo tatu juu ya meza. "Hii ya kwanza ni chuma, lakini ndani iko na nafasi kama debe, inainua mpira kuliko zile zako za zamani. Hii ya pili ni haibridi: nusu ya mbao, nusu ya chuma. Wazee wengi wanachukua hii. Na hii ya tatu ni ya mbao, hizi mnaita za mti, namba saba."

Mahfoudh aliisukuma ile ya tatu kwa kidole kimoja. "Hiyo iondoe."

"Haijakukosea kitu, Mzee."

"Iondoe tu, mwanangu."

Bi Mastura aliichukua ile haibridi, akaigeuza geuza. "Nusu huku nusu kule. Basi hii jamaa yetu, Baba Shahad. Itafutie kitambulisho cha Oman kabisa, ipate na matibabu ya bure."

Nyokabi alicheka. Kisha akauliza swali lililoleta mambo yote. "Mzee, kabla hujapiga, niambie ukweli. Wewe hupiga kwa kuchimba ama kwa kufagia?"

"Maana yake nini?" aliuliza Bi Mastura.

"Kuna mtu fimbo yake inashuka, inapiga mpira na kukata nyasi, inaacha shimo. Huyo anachimba. Na kuna mtu anapitisha juu juu, mpira unakwenda na nyasi inabaki ilivyokuwa. Huyo anafagia. Wote ni sawa, lakini fimbo zao si moja."

"Nachimba," alisema Mahfoudh, kifua mbele. "Kufagia nawaachia wenye mafagio."

Bi Mastura alitazama pembeni. Kwa miaka arubaini na nne hajapata kumwona mume huyu akichimba wala akifagia.

Basi akapewa haibridi, akaingia kwenye kizimba chenye pazia kubwa na mashine ya kuhesabu. Mpira wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukakata kushoto kama mtu aliyeitwa na mkewe. Wa tatu ukatambaa. Kila akikosa alizidi kukita fimbo chini kwa nguvu, na zulia la kizimba likatoa vumbi, na Bi Mastura akaona mdomo wake unavyobana kila bega likirudi nyuma. Katika mipira ishirini, minne ndiyo ambayo ingeivuka wadi.

"Mzee," alisema Nyokabi kwa upole, "unapiga kama mtu anayepigwa picha."

Mahfoudh aliiweka fimbo juu ya meza, akashukuru, akatoka. Njia nzima mpaka Mawaleh hakusema, hata pale mkewe alipomwambia kwa makusudi ashike njia ya mzunguko, njia ambayo yeye Mahfoudh anaichukia. Aliishika tu. Bi Mastura akauona mwezi wa tatu unarudi.

Alasiri alikaa nyuma ya jikoni, juu ya kibao, anapara changu magamba. Tangu soko la mboga lihamie mbali, mambo yote ya mapishi yamekuwa ya safari, lakini samaki wa Sib bado alikuwa anawapata. Chini ya samaki alikuwa ameweka kile kikapeti anachokiweka siku zote, kijani, ukubwa wa sinia, chenye majani ya plastiki yanayomshika samaki asiteleze. Alimpara wa kwanza, akampara wa pili. Wa tatu alipomwinua, kisu kikasimama hewani.

Kikapeti kile hakikuwa cha samaki. Kilikuwa cha gofu. Zamani mchangani, kila mchezaji alibeba kipande chake cha majani ya plastiki; alikitandika, akaweka mpira juu yake, akapiga, akakiokota akaenda nacho. Bila ya hicho ungekuwa unapiga mchanga na macho yako. Kiwanja cha majani kilipokuja, wenziwe walivitupa vyao. Cha Mahfoudh kilitupwa pia, na Bi Mastura akakiokota, maana yeye ni mtu wa Wete na mtu wa Wete hatupi kitu chenye kazi.

"Baba Shahad! Hebu njoo."

Mahfoudh alikuja, akasimama mlangoni.

"Hiki nini?"

"Kikapeti changu cha mchangani. Umekifanya ubao wa samaki?"

"Miaka kumi na minne mie naparia samaki hapa, leo ndiyo umeona. Sasa nijibu. Khalil alikuwa akimaliza vingapi kwa mwaka?"

"Khalil? Vitatu, vinne. Alikuwa anavichana kama anatafuta dhahabu chini yake."

"Na weye vyako vilikuwa vingapi?"

Mahfoudh akainama kuokota gamba la samaki.

"Vingapi, bwana?"

"Hichohicho."

"Kwa miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Bi Mastura akakikung'uta magamba, akakiinua juu kwenye jua. "Kumi na sita umekipiga weye, kumi na minne nimeparia samaki mie, na majani yake yamesimama yote, hapana palipochanika. Weye huchimbi, Mahfoudh. Hujapata kuchimba. Ulikuwa na nguvu za kuinua mpira hata kwa nyundo, ndiyo hukuhitaji kujijua. Nguvu zimekwenda zake, sasa jijue. Weye unafagia, bwana. Unafagia kuliko mie."

Uso wa Mahfoudh ulibadilika rangi kama mchuzi uliotiwa ukwaju.

"Kwa hivyo unataka nichukue ile ya tatu."

"Mie sijui fimbo. Nnajua kikapeti."

"Nikasimame mbele ya Ishaq na mwiko wa pilau mkononi!"

"Nani aliyeuita mwiko?"

"Mie."

"Basi."

"Basi nini? Mpemba weye, umeningoja miaka yote hii!"

"Mpemba hangoji, anaweka akiba."

"Akiba ya kunidhalilisha! Na hilo la njia ya mzunguko leo, ulidhani sikuona? Dakika kumi zimepotea!"

"Nne."

"Kumi! Nna saa!"

"Saa yako inakwenda mbele tangu ulipotumbukia nayo kwenye mfereji wa falaji kule Nizwa."

"Sikutumbukia. Niliingia."

Walikwenda hivyo mpaka muadhini akawaamulia. Walibishana juu ya falaji, juu ya Marwan, juu ya bomba la maji la nyumba ya kwanza, juu ya kama changu anaanza kuparwa mkiani au kichwani. Jirani alizima redio yake apate kusikiliza vizuri. Bi Mastura aliinamia samaki wake, kisu kinakwenda, na machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya magamba. Mahfoudh akimwuliza angesema ni kitunguu, ingawa kitunguu kilikuwa hakijakatwa. Lakini hakumwuliza. Alikuwa katikati ya kuthibitisha kwamba ni mkiani.

Jumatano asubuhi Bi Mastura alisikia gari linatoka. Mumewe alirudi baada ya saa mbili, amebeba kitu kimezongwa taulo kama mtoto mchanga. Nyokabi alikuwa amempa ya kujaribu, airudishe Jumamosi au ailipie. Akaangika blanketi zito kwenye kamba ya nguo, akakichukua kikapeti, akakitandika chini, na harufu ya changu ikawaleta paka wote wa Mawaleh, wakakaa safu ukutani kama wageni rasmi.

Mpira wa kwanza alitaka kuchimba. Ukapiga miguu ya blanketi. Alisimama kidogo, akatazama kushoto na kulia kama mwizi, kisha akaachia mikono iende kama inavyotaka yenyewe, juu juu, pole, kama anafuta vumbi juu ya kabati. Tap! Sauti ilitoka laini kama kibao cha mahaba. Blanketi likaruka. Akapiga wa pili, wa kumi, wa ishirini. Mmoja ulilitoboa blanketi, ukavuka ukuta, ukaingia kwenye sufuria ya harisi ya jirani, na jirani akaikoroga na kuipakua bila ya kujua. Mpaka leo mjomba wake mmoja anatembea kwa kudunda.

Bi Mastura alikuwa mlangoni. Mumewe alisimamisha fimbo, akaligusa bega lake, taratibu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Halikuuma," alisema.

Usiku ule mkewe aliishonea ile fimbo kofia, kama alivyozishonea nyengine zote, kwa kanga yake mwenyewe. Alikata upande usiokuwa na maandishi, maana hakutaka watu washughulike kusoma mumewe anapopiga.

Ijumaa alfajiri alikuwa garini tena.

"Wake hawaji, Mama Shahad. Hiyo si desturi."

"Mie siji kama mke. Nnakuja kama abiria."

Ishaq alipomwona alinyanyua mikono. "Shemegi! Leo tumeletewa hakimu." Khalil, mrefu mwembamba, mwenye tabia ya kuhesabu kila kitu kwa sauti, alimkaribisha chai kutoka chupa yake. Wakaanza. Mashimo sita yalipita kwa mzaha wa kawaida, lakini Bi Mastura aliona namna Ishaq na Khalil wanavyosema kwa uangalifu, kama watu waliomo chumba cha mgonjwa, na aliona kwamba mumewe anaona.

Wakafika la saba. Wadi ilikuwa imekaa pale, na mawe yake, haina haraka.

Ishaq alipiga wa kwanza, akavuka. Akafuata Khalil na haibridi yake ya bei. Akachimba majani kipande kama sahani, mpira ukaruka, ukagonga jiwe la katikati, ukapotelea humo.

"Moja," alisema Ishaq.

"Najua kuhesabu," alisema Khalil.

Zamu ya Mahfoudh. Akaenda kwenye begi, akaitoa, akaivua kofia. Ishaq alikodoa macho.

"Lahaula! Mwiko!"

"Wallahi ni mwiko," alisema Khalil. "Shemegi, na pilau liko wapi?"

"Pilau liko ng'ambo ya wadi," alijibu Bi Mastura. "Ishaq keshafika. Weye Khalil utakufa na njaa huku huku."

Ishaq alicheka mpaka akashika goti. Mahfoudh alisubiri wamalize. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini fimbo hakuirudisha.

"Chekeni," alisema. "Jina nimelitia mie mwenyewe. Marwan nilimkosea, na yeye alikuwa anajua anachokifanya. N'tamwendea nimwambie."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyepata kumsikia Mahfoudh bin Nasor akisema amekosea, hata lile bomba la maji.

Akauweka mpira. Bi Mastura hakuutazama mpira. Alitazama mikono ya mumewe, iliyokwishapata mabaka ya uzee, mikono iliyopanda nguzo na kubeba watoto sita. Alijikuta anasema moyoni: usichimbe, bwana wangu, usichimbe, hapana anayekupiga picha. Fimbo ikarudi nyuma, pole, ikashuka, ikapita juu ya majani kama mtu anayefuta vumbi kabatini.

Mpira ukapanda. Ulipanda hata Bi Mastura akadhani umesahau ilikokuwa safari, ukakaa juu huko, ukatazama wadi nzima kama mtu anayechagua nyumba ya kupanga. Kisha ukaanza kushuka. Ulishuka juu ya mawe, na Ishaq akashika kofia yake. Ukashuka, ukashuka, ukapita ukingo wa mwisho kwa urefu wa mkeka, ukagusa majani, ukabingirika hatua mbili, ukatulia. Haukuwa karibu na shimo. Lakini ulikuwa ng'ambo.

Mahfoudh aliivisha ile fimbo kofia yake, taratibu.

"Sasa," alisema, "sasa ndiyo tuifute hiyo sheria."

"Leo?" Ishaq alipiga kelele. "Ijumaa ile nimekwambia tuifute ukataka kunitoa roho!"

"Ijumaa ile ulikuwa unanifutia. Leo naifuta mwenyewe."

"Ifutwe upesi," alisema Khalil, "mie nshakuwa na moja."

Wakaanza kushuka wadini kwa miguu, maana daraja liko mbali na wazee hawa hawapendi vigari. Ishaq na Khalil walitangulia, wanagombana kama sheria hufutika kwa mdomo au kwa kura. Mahfoudh alisimama juu ya ngazi ya mawe, akamnyooshea mkewe mkono ule wa bega lililoshonwa. Bi Mastura akaushika.

"Usikanyage hilo, linacheza. Kanyaga hili. Si hilo, hili! Mastura, nakwambia hili!"

"Nishalikanyaga."

"Umelikanyaga vibaya. Mguu unawekwa hivi, ubavu. Ubavu, mke wangu, si kisigino!"

Bi Mastura alikuwa anashuka majabali ya Wete na ndoo ya maji kichwani kabla mtu huyu hajajua kufunga viatu. Wadi ile angeivuka amefumba macho. Lakini aliuweka mguu ubavu kama alivyoambiwa, akamwacha amwoneshe jiwe moja moja, mpaka upande wa pili.